Rwanda: Kampuni inapotaka gari la kazi, ianze kuuliza nini?

Mwenye kampuni ndogo mjini Kigali anapopata kazi ya kusambaza bidhaa au kukagua miradi wilayani, jambo la kwanza linalomjia akilini ni gari. Mara nyingi jina la gari huwa limekwisha kutajwa kabla ya barabara kutajwa: Hilux kwa anayetaka kuheshimiwa, RAV4 kwa anayetaka kustarehe, Corolla kwa anayebana matumizi. Fedha hulipwa, funguo hukabidhiwa, na picha hupigwa. Maswali huanza baada ya miezi michache, pale mhasibu anapohesabu risiti za mafuta, mfanyakazi anapoona mshahara wake umepungua bila maelezo, na dereva anapopokea ujumbe wa faini ya mwendo kasi kwa siku ambayo hakumbuki kama ni yeye aliyeshika usukani.

Makala haya yanaeleza mambo yanayopaswa kuamuliwa kabla ya kuingia kwenye bohari ya magari. Tunaizungumzia Rwanda, ingawa msikilizaji aliye Bujumbura, Bukavu au Kampala atakuta humo mengi yanayomhusu.

Gari liwe la nani?

Swali hili lina historia yake nchini. Mwaka 2005 serikali ya Rwanda iliamua kuachana na mtindo wa kila afisa kuwa na gari la umma. Magari mengi yalirejeshwa na kuuzwa kwa mnada. Maafisa waliostahili waliwekewa utaratibu wa kusaidiwa kununua magari yao wenyewe kwa mkopo, na safari za kikazi zikawa na malipo yake. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu hulitunza gari lake kuliko anavyolitunza gari la ofisi, na gari lake haliendi sokoni Jumamosi kwa mafuta ya walipa kodi.

Kampuni binafsi zinazoiga utaratibu huo husahau upande wa pili wake. Mfanyakazi anayeambiwa anunue gari kwa mkopo ili alifanyie kazi ya kampuni amejitwika mzigo wa miaka mitatu au minne. Ajira ikikoma mwaka wa pili, benki haitauliza ni nani aliyemshauri. Kwa hiyo, mkataba wa namna hii haujakamilika mpaka useme nini kitatokea kazi itakapomalizika kabla ya deni.

Vilevile, malipo ya kila kilomita lazima yawe ya kweli. Waajiri wengi hulipia mafuta tu na kuona wamemaliza wajibu. Lakini gari halili mafuta peke yake. Tuchukulie ofisa wa mauzo anayesafiri kilomita 2,000 kwa mwezi. Tairi zinazodumu kilomita 40,000 zitakuwa zimekwisha katika miezi 20. Katika muda huo huo atakuwa amebadilisha oili mara kadhaa, amenunua vipande vya breki, amelipa bima, na thamani ya gari imeshuka kwa sababu ya kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Akilipwa mafuta peke yake, ni yeye anayeikopesha kampuni, bila riba na bila maandishi.

Njia ya tatu ni kukodi. Kampuni inayohitaji gari siku sita kwa mwezi haina sababu ya kumiliki gari linalolala siku 24. Hesabu hii huonekana ndogo mno kiasi kwamba wengi hawaifanyi, pengine kwa sababu gari lililoegeshwa mbele ya ofisi lina kazi nyingine: kuonekana.

Kodi inayokuja pamoja na funguo

Mfanyakazi anayepewa gari la kampuni, akalala nalo nyumbani na kulitumia mwishoni mwa juma, hupokea kitu chenye thamani ingawa si fedha taslimu. Sheria ya kodi ya mapato ya Rwanda inalitambua hilo. Thamani ya gari alilopewa mfanyakazi kwa matumizi yanayojumuisha ya binafsi huhesabiwa kuwa asilimia 10 ya mapato yake ya ajira, yakiondolewa manufaa mengine yasiyo ya fedha. Kwa nyumba, kiwango ni asilimia 20. Kiasi hicho huongezwa kwenye mapato yanayotozwa kodi.

Tuone kwa mfano. Mfanyakazi analipwa faranga 800,000 kwa mwezi. Gari linaongeza faranga 80,000 katika hesabu ya kodi. Kwa kuwa mapato yanayozidi faranga 200,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 30, kodi yake inapanda kwa faranga 24,000 kila mwezi, yaani 288,000 kwa mwaka. Kwa gari zima la kutembelea, bei hiyo ni nafuu kubwa. Malalamiko hutokea kwa sababu mtu hakuambiwa mapema, akagundua mwisho wa mwezi.

Tazama pia kwamba hesabu hii haiangalii bei ya gari. Gari dogo lililotumika miaka kumi na gari jipya la fahari humwongezea mfanyakazi yule yule kodi ile ile. Ndiyo maana mwenye mshahara mkubwa aliyepewa gari chakavu huona ameonewa, na kwa kweli ana hoja. Iwapo gari ni la kazi tu na hurudishwa ofisini jioni, basi kanuni hiyo iandikwe, funguo ziwe na mahali pake, na kuwe na daftari la safari. Maneno ya mdomo hayamsaidii yeyote mkaguzi anapofika.

Usukani wa kushoto

Hapa ndipo ndugu zetu walioko Dar es Salaam na Mombasa hutushangaa. Wao huona magari yaliyotumika kutoka Japani yakishuka bandarini kwa bei ya kuvutia, na humpigia simu jamaa yao wa Nyamirambo wakimwambia asikose. Lakini Rwanda, kama Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huendesha upande wa kulia wa barabara, wakati Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Gari la Japani lina usukani wa kulia. Gari linaloifaa Rwanda ni lenye usukani wa kushoto, na ndiyo maana wafanyabiashara wa Kigali hutazama Dubai, Ulaya na Korea Kusini, ambako usukani uko kushoto. Mtu akipita katika maegesho ya Kigali ataona wingi wa Hyundai na Kia.

Jambo hili linagusa usalama kwa namna ambayo anayenunua gari hapaswi kuidharau, hasa kampuni zenye wateja ng'ambo ya mpaka. Dereva wa Kigali akivuka Gatuna kuelekea Kabale, au Rusumo kuelekea Ngara, anahamia upande wa kushoto wa barabara huku usukani wake ukiwa ule ule. Sasa amekaa upande wa mtaroni. Akiwa nyuma ya lori na anataka kulipita, haoni kinachokuja mbele mpaka sehemu kubwa ya gari lake iwe imekwisha kuingia njia ya wengine. Madereva wazoefu hukaa mbali na mgongo wa lori ili wapate pembe ya kuona, na humwomba abiria wa mbele awasaidie kutazama. Dereva aliye peke yake hana macho hayo ya pili. Kampuni inayotuma gari Uganda au Tanzania kila wiki ingefanya vyema kutuma watu wawili, au kufuata njia ya kupakulia mzigo mpakani na kumkabidhi msafirishaji wa upande wa pili.

Kuna pia karatasi. Bima ya ndani haimfuati mtu ng'ambo isipokuwa imeongezewa kadi ya manjano ya COMESA, ambayo hulipia madhara atakayosababishiwa mtu mwingine katika nchi zinazoshiriki mpango huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imeendelea kushiriki katika mpango wa kadi. Wasikilizaji wasiichanganye na karatasi ya usajili wa gari, ambayo Wanyarwanda wengi huiita kwa Kifaransa kadi ya manjano vilevile. Askari wa mpakani anaweza kuzitaka zote mbili, pamoja na barua ya kampuni inayosema kwamba aliyeshika usukani ameruhusiwa.

Milima, mafuta na umeme

Kigali imeinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Maana yake ni kwamba injini ndogo iliyosifiwa na muuzaji wa Dubai, penye tambarare ya usawa wa bahari, hufika hapa ikiwa imepungukiwa karibu asilimia 15 ya nguvu kabla haijapakiwa kitu. Katika msitu wa Nyungwe, ambako barabara ya kwenda Rusizi hupanda zaidi ya mita 2,000, upungufu unazidi moja ya tano. Dereva hukanyaga zaidi, mafuta huongezeka, na lile gari la kubana matumizi halibani tena. Injini yenye turbo, ya petroli au ya dizeli, haiathiriki kwa kiasi hicho.

Hata hivyo, milima isiwatishe watu wote wakakimbilia pikapu kubwa. Barabara kuu kutoka Kigali kwenda Huye, Musanze, Rubavu, Rusumo na Kagitumba ni za lami. Mtu anayetembelea ofisi za wilaya na maduka ya miji hiyo anahitaji gari dogo lenye nguvu ya kutosha na breki nzuri. Pikapu inayovuta kwa magurudumu manne ina kazi yake: barabara za udongo za tarafani wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za mwishoni mwa mwaka, au mzigo mzito. Kumpa pikapu mtu asiyetoka kwenye lami ni kumnunulia jembe mfanyakazi wa benki.

Tofauti ya mafuta inahesabika. Pikapu ya dizeli inayotumia lita 11 kwa kilomita 100 itameza lita 220 katika kilomita 2,000 za mwezi. Gari dogo linalotumia lita 7 litameza 140. Hizo ni lita 80 kwa mwezi, lita 960 kwa mwaka, kwa gari moja. Bei ya lita hupangwa na mamlaka ya usimamizi ya RURA na hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo tunaacha kila kampuni izidishe kwa bei ya siku yake. Lita zenyewe hazibadiliki.

Swali linaloulizwa zaidi siku hizi ni la umeme. Mwezi Aprili 2021 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha mpango wa kuhimiza magari ya umeme. Magari hayo na vifaa vyake yaliondolewa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, na vituo vya kuchaji vikapewa bei ya umeme inayotozwa viwandani. Magari mseto, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, yalifaidika pia, na ndiyo maana yaliingia kwa wingi. Tangu mwaka wa bajeti wa 2025/26 magari mseto yamerudishwa katika orodha ya yanayotozwa kodi, na ushuru wake hupanda kadiri umri wa gari unavyokuwa mkubwa. Anayenunua kwa kusikia habari za miaka mitatu iliyopita atapata mshtuko kwenye dirisha la forodha.

Kwa safari za ndani ya Kigali, gari la umeme lina hoja nzito. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii nguvu. Linaposhuka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, jambo ambalo katika mji wa vilima hutokea mara nyingi kwa siku. Breki nazo hudumu zaidi. Kampuni ya Volkswagen, iliyoanza kuunganisha magari Kigali mwaka 2018, iliyachagua mazingira haya kujaribia gari lake la umeme la e-Golf mwaka 2019.

Kwa safari za mbali, hesabu ifanywe kwa kalamu. Kilomita zinazoandikwa na mtengenezaji hupimwa katika hali isiyofanana na ya kupanda kuelekea Musanze gari likiwa na watu wanne na mizigo. Kampuni ijiulize gari litachaji wapi usiku, kama mahali linapolala pana soketi imara na waya wa kutosha, na itakuwaje umeme ukikatika. Kama ofisi ni ya kupanga, mwenye nyumba amekubali? Tumewahi kusikia ya gari zuri la umeme lililokaa wiki mbili bila kazi kwa sababu ya swali hilo la mwisho.

Kwa gari mseto lililotumika, jambo la kukagua ni betri kubwa. Ikiwa imechoka, gari hutembea, lakini hutumia mafuta kama gari la kawaida huku likibeba uzito wa betri isiyofanya kazi. Kabla ya kulipa, apelekewe fundi mwenye kifaa cha kusoma hali ya betri. Fundi wa kusikiliza injini kwa sikio, hata awe bingwa wa miaka 30, hapa hana cha kusikia.

Anayeliendesha

Gari la kazi huua watu wa kazi. Mfanyakazi aliyelala ofisini baada ya chakula hupoteza nusu saa; aliyelala kwenye usukani huko Buranga, penye kona kali za barabara ya Musanze, hapotezi nusu saa. Kwa hiyo kabla ya redio kubwa na viti vya ngozi, mnunuzi aulize kama gari lina mifuko ya hewa inayofanya kazi, breki za ABS, na mfumo wa kulizuia lisiteleze kwenye kona. Magari mengi yaliyotumika yana vitu hivyo kwa maandishi, lakini mifuko iliyokwisha kufumuka katika ajali ya zamani huweza kuwa haikurudishwa, na taa yake ya tahadhari imezimwa. Ufunguo ukizungushwa, taa hiyo inapaswa kuwaka kidogo kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, kuna aliyeigusa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kusafiri katika gari la kazi ambalo breki zake zilianza kunukia kwenye mteremko. Dereva alikuwa kijana mwangalifu, lakini alizoea gia za otomatiki za mjini na hakujua kwamba katika mteremko mrefu gari hushushwa kwa gia za chini, injini ikizuia mwendo, ili breki zisipate moto na kupoteza nguvu. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja mpaka zikapoa. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, na gari lilikuwa jipya.

Sheria inasaidia kwa kiasi. Tangu agizo la rais la mwaka 2015, magari ya umma ya abiria na malori hufungwa kidhibiti mwendo kinachozuia kuzidi kilomita 60 kwa saa. Gari dogo la kampuni halimo humo, kwa hiyo kidhibiti chake ni ratiba. Bosi anayetaka mtu awe Rusizi saa nne asubuhi na arudi Kigali jioni ile ile amekwisha kupanga mwendo kasi, hata kama hakutamka neno hilo.

Kamera za barabarani nazo zimeongezeka, na faini huandikwa kwa namba ya gari, yaani kwa mmiliki. Katika kampuni yenye gari moja na madereva watatu, ujumbe huo huleta ugomvi. Daftari linaloonyesha tarehe, saa, jina, kilomita za kuondoka na za kurudi humaliza mjadala kwa dakika moja. Mkataba nao useme wazi nani hulipa: wengi wameona ni haki dereva alipe mwendo wake na kampuni ilipe ubovu wa gari lake, kama vile taa isiyowaka au ukaguzi uliopitwa na muda.

Na ukaguzi huo una kalenda. Gari la biashara la kubeba watu au mizigo hupelekwa kupimwa na polisi kila baada ya miezi 6, gari la binafsi mara moja kwa mwaka. Kituo kikubwa kiko Remera mjini Kigali, na kuna huduma hiyo mikoani. Kampuni inayonunua pikapu ikiwa imepanga bajeti ya gari la binafsi itajikuta ikipanga foleni mara mbili. Nafasi ya kupima huombwa mapema, na kwa gari linalofanya kazi kila siku, siku hiyo moja ipangiwe gari la kukodi, au wateja waambiwe tangu wiki iliyotangulia.